Dhahabu ya Geita, sato wa Mwanza

Hivi nyie vijana wa Geita, mbona Jumamosi ikifika wote mnapotelea Mwanza? Wiki hii nami nikasema ngoja nikaione hiyo raha yenyewe.

Safari siku hizi ni kuteleza tu. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, Juni 19, 2025, zile kilomita 3 za maji unazivuka kwa dakika chache. Enzi za kivuko ulisota kwenye foleni mpaka ukome. Ila foleni ile nayo ilikuwa na wenyewe: wauza samaki wa kukaanga, karanga na maji walipata chochote. Sasa gari linapita vuuu!

Mjini nilianzia Rock City Mall. Vioo vinang'aa, mabinti wametoka bomba, na wanaotazama ni wengi kuliko wanaonunua. Nikashuka Mwaloni Kirumba, soko la samaki, ambako magunia ya dagaa yanapakiwa kwenda mpaka Kongo. Hapo ndipo penye hela ya kweli, japo utatoka unanukia ziwa!

Jioni nikajisogeza ufukweni kupunga upepo, Jiwe la Bismarck likichungulia majini. Nikaletewa sato wa kuchoma, ugali na pilipili ya kutoa machozi. Meza ya jirani bia zinapishana na stori ni za maduara, makarasha na mifuko ya mawe. Nikajua hao ni wa kwetu. Jasho la shimoni linaishia hapo kabla ya saa sita usiku.

Sikatai, raha ni haki ya mtu. Lakini mgodi mkubwa wa Geita umeanza kazi tangu 2000, na mkoa tumepewa 2012. Ziwa nalo tunalo! Nungwe ipo (siyo Nungwi ya Unguja), na mgodi wenyewe unavuta maji yake huko. Upepo ni ule ule, sato ni yule yule.

Basi mwenye mtaji wa meza sita, jiko la mkaa na friji, asisubiri mwekezaji. Daraja lina pande mbili bwana. Watu wa Mwanza nao waje Jumamosi wamwage mshiko kwetu. Au nasema uongo, ndugu zangu?