Kikohozi cha mtoto na kuvu ya ukutani

BUKAVU – Mama mmoja aliyekimbia vita anaishi na watoto wanne katika chumba cha kupanga kwenye mteremko wa Kadutu. Mvua ikinyesha, ukuta wa nyuma unalowa na kuvu nyeusi inaota penye godoro.

Kifungua mimba wake, mwenye miaka 11, alikohoa wiki tatu. Kwenye kituo cha afya mama aliomba kipimo cha kuvu. Majirani walimwambia damu itaonyesha.

Muuguzi alimueleza kwamba hakuna kipimo cha damu wala cha mkojo kinachothibitisha kuwa nyumba ndiyo imeleta ugonjwa. Kikohozi kikipita wiki mbili, kwanza yapimwe makohozi, kutafuta kifua kikuu. (Aliyewahi kuugua kifua kikuu ana jambo lingine: kuvu iitwayo Aspergillus inaweza kuota ndani ya makovu ya mapafu. Hiyo inatafutwa kwa damu na picha ya kifua.)

Kifua kikuu hakikuonekana. Ndipo yakaja maswali, nayo yalisaidia kuliko mashine. Anakohoa zaidi usiku? Kifua kinapiga filimbi? Akilala kwa shangazi, anapata nafuu?

Ndiyo, yote matatu. Ni pumu, na kuvu inaiamsha. Mtoto alipewa dawa ya kuvuta.

Mama amesogeza godoro, anafungua dirisha mchana, na ukuta anausugua kwa sabuni mtoto akiwa nje. Bati linalovuja ni la mwenye nyumba. Yeye anajibu kwamba pesa hana, na kodi anaitaka tarehe 5.