Bando ndilo ghali: nodi ya Bitcoin kati ya Hamburg na Mkotokuyana

Umeme hauli pesa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapomwambia mtu wa nyumbani kwamba nina kompyuta inayowaka usiku na mchana kwa ajili ya Bitcoin, anafikiria ghala zima la mashine zinazopiga kelele na bili ya umeme ya kiwanda. Hao ni wachimbaji. Mimi sichimbi chochote. Ninachoendesha ni nodi, na inakaa kwenye bodi moja ya Raspberry Pi yenye milimita 85 kwa 56, nyuma ya ruta, sebuleni, hapa Hamburg. Ikiwa na diski yake inakula wati kama 6, yaani uniti 4 na kidogo kwa mwezi. Hapa uniti ni senti kama 40 za euro, kwa hiyo haifiki euro 2. Kwetu Nachingwea, mkoani Lindi, mteja wa D1, daraja la matumizi madogo ya nyumbani, anayelipa shilingi 122 kwa uniti angetumia shilingi 500 na ushee kwa mwezi. Hata wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, hafiki 1,600.

Raspberry Pi ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 ili watoto wajifunze kuandika programu kwa bei nafuu. Watu wazima wameigeuza kila namna, na mojawapo ni hii ya kutunza daftari la Bitcoin. Nodi ina nakala ya kila muamala tangu tarehe 3 Januari 2009. Kila baada ya dakika kumi hivi, ukurasa mpya, yaani bloku, unaingia. Nodi inaukagua kabla ya kuupokea. Inaangalia kama sahihi ni za kweli, kama kuna sarafu iliyotumiwa mara mbili, na kama mchimbaji amejipa zaidi ya kilichoruhusiwa (tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125 kwa bloku, pamoja na ada za miamala). Kanuni ikivunjwa bloku inatupwa, hata kama aliyeitengeneza ana mitambo ya mabilioni. Kazi hii haina malipo.

"Sasa mjomba, unapata nini?" Ndivyo alivyoniuliza mjomba wangu wa Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, kwa simu, na kwetu sisi mjomba akiuliza hajibiwi kwa mzaha. Kabla ya hapo alikwishataka kujua kama ni mambo ya DECI, ule upatu uliokula pesa za watu. Nilimwambia DECI walitaka uweke pesa, na mashine hii haitaki pesa ya mtu. Ndiyo maana swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi.

Wajerumani wana jibu tayari. Kuna vikundi vinavyoitwa Einundzwanzig, yaani ishirini na moja, kwa sababu Bitcoin haitazidi sarafu milioni 21. Vinakutana kwenye baa katika miji mingi, na nodi huzungumzwa pale kwa bidii ileile ambayo kwetu huzungumzwa Simba na Yanga. RaspiBlitz, mojawapo ya vifurushi vinavyojulikana sana vya kuendesha nodi kwenye Raspberry Pi, kilianzia Ujerumani. Hawa ni watu wa nchi inayopenda noti mkononi na isiyopenda kuchunguliwa. Wanasema usimwamini mtu, hakiki mwenyewe. Lakini tuseme ukweli: benki zao zinafanya kazi, mshahara unaingia kwa tarehe, na benki ikianguka kila mteja analindwa hadi euro 100,000. Wanahakiki kwa itikadi, na kidogo kwa raha ya kuchezea vifaa. Na ukiona ramani ya mtandaoni inayoonyesha Ujerumani imejaa nodi, isikutishe. Nyingi ziko kwenye seva za kukodi katika kumbi za data, wala si jikoni kwa mtu.

Mara moja, hata hivyo, niliona faida ya kuhakiki kwa macho. Mapema mwaka 2024 polisi wa jimbo la Saxony walitwaa karibu sarafu 50,000 katika kesi ya tovuti ya filamu za wizi, Movie2k. Kati ya Juni na Julai mwaka huohuo zikauzwa, zikaleta euro zipatazo bilioni 2.6. Anwani zilizohusishwa na hazina hiyo zilishajulikana, basi mtu mwenye nodi yake alikuwa akiziona sarafu zikitoka leo kiasi hiki, kesho kiasi kile, bila kungoja taarifa kwa vyombo vya habari. Mali iliyo mikononi mwa serikali ilikuwa inauzwa na mwananchi anahesabu akiwa kwenye kiti chake.

Sasa weka hilo karibu na korosho.

Mkulima wa Mkotokuyana anapeleka mzigo wake AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, kisha unanadiwa chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku hizi mnada unapitia mfumo wa TMX, soko la bidhaa, na bei zinaonekana kwenye skrini. Zamani wanunuzi walitumbukiza barua za zabuni kwenye sanduku, likafunguliwa mbele ya wakulima. Kwa namna zote mbili, bei inasomwa hadharani na wakulima wanasema wanauza au hawauzi. Kwa hiyo mtu asije kutoka Ulaya na kompyuta mfukoni akidhani anatufundisha kuhakiki. Kwenye mnada wa korosho mkutano mzima unahakiki.

Kinachofichika ni kabla na baada ya mnada: mizani ya mwanzo, halafu makato, halafu siku za kungoja pesa iingie benki. Na mwaka 2018 tulionja uhakiki wa upande mwingine. Wakulima walikataa bei za chini, Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba. Kisha zikapita timu za uhakiki, na mwenye kilo zaidi ya 1,500 aliambiwa aonyeshe shamba lilipo, ili watu wa kangomba wasilipwe. Sababu ilikuwepo, maana kangomba ni wizi wa mchana: unanunua korosho za mwenye njaa kabla ya msimu kwa bei ya kutupa. Lakini aliyekaguliwa alikuwa mkulima. Hakuna aliyempa mkulima daftari la upande wa pili alikague naye.

Ndiyo maana mjomba alipoelewa nodi inafanya nini, hakuuliza tena habari za faida. Aliuliza, "Hiyo mashine inaona mizani?"

Haioni. Na hapa natofautiana na wale vijana wa makongamano wanaotaka kila zao liwekwe kwenye mnyororo wa bloku. Bitcoin inahakikika kwa sababu sarafu yake inazaliwa ndani ya daftari lenyewe, haina maisha nje yake. Korosho inazaliwa mtini. Karani akiandika kilo 92 badala ya 100, mnyororo utazitunza zile 92 milele, kwa sahihi safi kabisa, na kompyuta zote duniani zitathibitisha kwamba ziliandikwa 92. Dawa ya mizani ni mizani ya pili na mtu wa kuisimamia.

Basi nodi ninayotaka kuipeleka Mkotokuyana ni ya nini? Kwa jambo dogo zaidi. Wapo watu wanaopokea chochote kutoka nje kwa Bitcoin, wengi kwa programu za simu. Programu hizo zikitaka kujua kama pesa imefika, nyingi zinaiuliza nodi ya mtu mwingine asiyejulikana, naye anapata kujua una kiasi gani. Nodi yako inakuondolea huyo mtu wa kati. Ni hilo tu. Kwa walio wengi kijijini sioni sababu ya kuacha M-Pesa, na mwenye kitochi anayetaka kuijaribu Bitcoin aulizie kwanza kama anafikiwa na Machankura, huduma ya Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini inayotumia USSD bila intaneti. Ila huko sarafu zako wanazishika wao. Kumbuka pia kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuonya juu ya sarafu hizi Novemba 2019, na Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali.

Tatizo la kweli ni bando. Hapa Hamburg intaneti haina kikomo, na nodi ilipakua daftari lote kwa siku kadhaa bila mimi kufikiria gharama. Sasa daftari limepita GB 650. Kwa bando la shilingi 2,000 kwa GB, hiyo ni milioni 1.3 kabla hujahakiki kitu. Baada ya hapo bloku mpya zinakula kama GB 7 au 8 kwa mwezi, na hizo zinavumilika. Kinachoua ni kupakia. Nodi iliyofungua mlango inawagawia wageni, na mgawo huo unaweza kupita GB 200 kwa mwezi. Mitandao ya simu kwetu kwa kawaida haikupi anwani ya kufikika kutoka nje, kwa hiyo wageni hawabishi hodi, lakini usibahatishe: kwenye faili la mipangilio andika listen=0, blocksonly=1, na maxuploadtarget kiasi kidogo.

Hapo ndipo ushauri wa Ulaya unapogeuka sumu. Ukiuliza huku kuhusu mtu mwenye intaneti ghali, utaambiwa apogoe, yaani aweke prune ili nodi ibakize bloku za karibuni tu, GB chache. Wengi wanadhani kupogoa kunapunguza bando. Hakupunguzi. Nodi inapakua yote GB 650, inahakiki, kisha inatupa. Unaokoa diski tu. Na sasa iweke nodi hiyo Nachingwea, umeme unakatika ghafla katikati ya kuandika. Orodha ya sarafu ambazo hazijatumiwa, ambayo nodi huiandika muda wote, inaweza kuharibika. Mwenye nodi kamili anaipa amri ya reindex, nayo inajenga upya kutoka bloku zilizo kwenye diski. Inachukua siku nyingi kwenye mashine ndogo, lakini haili bando. Aliyepogoa hana bloku za kurudia. Anaanza kupakua tena tangu 2009.

Kwa hiyo kwetu nunua diski kubwa, SSD ya TB 1, usipogoe, na tafuta betri ya kubeba mashine umeme ukikatika. Kadi ndogo ya kumbukumbu isitumike kwa daftari, inakufa haraka kwa kuandikwa kila dakika. Na chaja iwe yake, volti 5 na ampea zinazotakiwa. Ukichomeka chaja ya simu ya mnadani, Raspberry Pi 4 inaonyesha alama ya radi ya manjano kwenye kona ya skrini, na kabla hujaielewa imeshazima.

Hata hili la kuwaka saa 24 ni mazoea ya huku. Nodi ikizimwa wiki nzima na kuwashwa, inaomba kurasa ilizokosa, inazihakiki, inaendelea. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania ikadorora, nodi ya huko isingekuwa na cha kupoteza ila muda. Kuwasha Jumapili na kuzima ni uendeshaji halali kabisa.

Na zile GB 650 za mwanzo zisafiri kama mizigo yetu yote inavyosafiri, ndani ya begi la mtu anayekwenda nyumbani. Nimenakili folda ya bloku kwenye SSD. Kuna folda ya pili, chainstate, ambayo ningeweza kuiweka pia ili mashine ianze kazi palepale. Sikuiweka. Ukiipokea ile, umekubali hesabu ya aliyekuletea. Ukipokea bloku peke yake na kuamuru reindex, mashine inapiga hesabu upya yenyewe, na bloku niliyoichezea itakataliwa. Nilimweleza mjomba hivyo.

"Kwa hiyo itakukagua hata wewe?"

"Hata mimi, mjomba."

Akacheka sana, akasema huyo karani angefaa AMCOS.

Simfichi mtu kwamba nina wasiwasi. Nachingwea inavijua vitu vinavyoletwa kutoka ng'ambo kwa matumaini makubwa. Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, wakavuta reli kutoka pwani, mradi ukafa 1951, reli ikang'olewa miaka ya 60. Leo wilaya ina kata inaitwa Stesheni na hakuna treni. Kifaa cha wati 6 hakiwezi kuleta hasara ya namna ile, lakini kinaweza kubaki juu ya kabati kikiota vumbi, jambo ambalo nimeliona kwa vifaa vingi vya msaada.

Tulivyokubaliana ni hivi. Diski inaondoka na mtu anayesafiri kabla ya minada ya korosho kwisha. Mashine itakaa kwa binamu yangu anayetengeneza simu, maana yeye ana sola na anajua kusoma skrini ya maandishi matupu. Uniti za LUKU ni zake, bando la mwezi ni langu. Mjomba ameongeza sharti lake: nikituma pesa ya bando, nitume pia ya mizani ya kuning'iniza, ya kilo 100, ikae nyumbani, mzigo upimwe kabla haujatoka uani.