Kibao Kisichopigwa Mara Mbili

Aprili 1968 kampuni ya Warner Bros. ilitoa santuri ndogo ya Grateful Dead, bendi ya roki ya San Francisco. Upande mmoja ulikuwa na wimbo uitwao Dark Star, usiofika hata dakika tatu. Beti mbili zinaimbwa, gitaa linapita kidogo katikati, mwishoni inasikika banjo na mtu anayesoma maneno yasiyoshikika vizuri, basi. Santuri haikuvuma. Miaka minne baadaye, Mei 11, 1972, bendi hiyohiyo iliupiga wimbo huohuo mjini Rotterdam, Uholanzi, kwa takriban dakika 48.

Mimi niliujua kwa kuanzia huku kwenye urefu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasoma California, nimepanga chumba Oakland katika nyumba ya seremala mmoja wa makamo. Sebuleni kwake palikuwa na maboksi ya viatu yaliyojaa kaseti, na juu ya kila kaseti hapakuandikwa jina la albamu wala la wimbo, ila tarehe na mji. Nilipomwomba anipigie huo Dark Star aliokuwa akiusifu kila jioni, aliniuliza: wa mwaka gani?

Swali hilo lingemshangaza mtu mwingine. Mimi nimekulia Ilala, na mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa katika bendi moja ya dansi ambayo siku hizi haipo. Nilijua tangu utoto kwamba wimbo wa redioni na wimbo wa ukumbini ni vitu viwili. Redio ilikuwa na muda wake, na santuri za Nairobi zilikikata kibao kirefu nusu upande huu, nusu upande wa pili. Lakini Jumamosi usiku, waimbaji wakishamaliza beti zao na magitaa yakashika chemko, wimbo ulikwisha pale wachezaji walipochoka. Mjomba alikuwa akisema santuri ni picha ya pasipoti ya wimbo: ni yeye, lakini si yeye.

Tofauti nayo niliisikia mapema. Bendi zetu zilirefusha wimbo ili watu waendelee kucheza. Hawa waliurefusha mpaka mahali ambapo hata mwenye miguu myepesi hapati pa kukanyaga, mapigo yamepotea, kila ala inatafuta njia yake. Nikikiri ukweli, kaseti ya kwanza ilinichosha. Iliyonivuta ni ya pili, kwa sababu haikufanana na ya kwanza hata kidogo, na seremala akaniapia kwamba ya tatu nayo haifanani na hizo.

Wimbo wenyewe ulianza kama mchezo wa mazoezini. Mwaka 1967 bendi ilikuwa Rio Nido, kaskazini mwa San Francisco, inazungushazungusha sauti mbili tatu. Robert Hunter, rafiki wa zamani wa mpiga solo Jerry Garcia, ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka New Mexico. Akiwa amejilaza kitandani kibandani kwake aliwasikia kwa mbali, akaanza kuandika. Maneno mengine aliyamalizia baadaye San Francisco, na tangu hapo akawa mtunzi wa mashairi wa bendi hiyo mpaka mwisho wake.

Ukiufungua ndani, wimbo huu una vitu vichache mno. Mwanzoni gitaa na besi vinatembea pamoja kwa sauti moja. Kisha A na G zinapishana, taratibu, na ubeti unaimbwa ukifuatwa na pambio fupi. Baada ya hapo hakuna hesabu. Hakuna aliyeambiwa solo ni ya mizunguko mingapi. Garcia akiugusa tena ule mwanzo, wote wanajua wakati wa kurudi umefika. Asipougusa, hakuna anayerudi. Wimbo wenye mengi ndani yake usingekubali kutendewa hivyo, ungevunjika.

Na waliokuwa wakiupiga walitoka pande zisizofanana. Garcia alilelewa na banjo na muziki wa mashambani wa Marekani. Phil Lesh wa besi alikuwa mpiga tarumbeta aliyesomea utunzi Mills College, hapohapo Oakland, kwa Mtaliano Luciano Berio, na hakuwa amewahi kushika besi kabla ya kuingia kwenye bendi mwaka 1965. Ron McKernan, waliyemwita Pigpen, alikuwa mtu wa bluzi. Bob Weir wa gitaa la ridhimu alikuwa kijana ambaye hata miaka ishirini hajatimiza bendi ilipoanza. Juu ya wote hao alikaa John Coltrane, ambaye santuri zake walizisikiliza kwa makini: namna ya kukaa kwenye sauti moja au mbili kwa muda mrefu na bado ukawa na la kusema.

Mwaka 1968 wimbo ulikua taratibu: dakika tano, sita, kumi. Bendi sasa ilikuwa na wapiga drams wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, na mwishoni mwa mwaka huo akaja Tom Constanten kupapasa kinanda, naye pia mwanafunzi wa Berio. Februari 27, 1969, kwenye ukumbi wa Fillmore West, waliupiga kwa dakika 23, na mtambo wa kurekodi wa njia 16, uliokuwa kitu kipya kabisa wakati huo, ulikuwa unazunguka. Usiku ule ndio uliojaza upande mzima wa kwanza wa albamu ya Live/Dead, iliyotoka Novemba mwaka huohuo. Wamarekani wengi wakitaja Dark Star, huo ndio walio nao kichwani.

Nakala ya huo nilimpelekea mjomba Dar es Salaam kwa mkono wa mgeni aliyekuwa akirudi nyumbani. Jibu lilikuja kwa barua, mwandiko wake wa kulala kama kawaida. “Mpwa wangu, salaam. Kaseti nimeipata na nimeisikiliza mara nyingi kuliko shangazi zako wanavyotaka. Huyu wa besi hakai kwake. Nikimtafuta chini simkuti, nikiacha kumtafuta namsikia yuko juu anajibizana na solo. Kwetu mtu huyo angefukuzwa wiki ya kwanza. Mwambie huyo seremala wako alete nyingine.”

Niliporudi likizo nilimweleza pia kwamba Garcia alikatwa kipande kikubwa cha kidole cha kati cha mkono wa kulia akiwa mtoto wa miaka minne, kaka yake akichanja kuni. Mjomba alinyamaza, akachukua gitaa, akakikunja kidole chake cha kati na kuanza kucharaza. Alifanya hivyo mchana kutwa.

Seremala wangu alipenda miaka ya sitini. Mimi na mjomba, kila mmoja kwa wakati wake, tuliangukia mwaka 1972, na sababu tuliielewa sawasawa. Februari 1971 Hart aliondoka, akabaki mpiga drams mmoja. Kwa wimbo huu hiyo ilikuwa neema. Wapiga drams wawili lazima wakubaliane kwanza ndipo wageuke. Kreutzmann peke yake aliweza kugeuka papo hapo Lesh alipogeuka, akaacha kupiga kabisa ikibidi, akarudi kwa vijiti vya taratibu kama mpiga drams wa jazi. Oktoba mwaka huohuo akaingia Keith Godchaux na piano halisi, mtu aliyesikiliza kuliko alivyopiga. Pigpen alikuwa anaugua, na Machi 1973 alifariki akiwa na miaka 27.

Walipozunguka Ulaya Aprili na Mei 1972, maonyesho 22, Dark Star ulikuwa ukipokezana zamu na wimbo wao mwingine mrefu, The Other One: leo huu, kesho ule. Ubeti wa kwanza sasa ulisogezwa mbele mpaka msikilizaji akadhani wameusahau, na wa pili mara nyingi haukuimbwa kabisa. Ule wa Rotterdam wenye dakika 48 unasifiwa sana, na urefu wake ndio sababu kubwa ya sifa. Kwa sikio langu una sehemu ambazo watu wote wanasubiriana na hakuna anayekuja. Urefu si kipimo. Mjomba naye alitoa hukumu yake kwa neno moja: “Upunguzwe.”

Wa Veneta ni jambo jingine. Ilikuwa Agosti 27, 1972, kwenye uwanja wa wazi huko Oregon, tamasha la kuchangia kiwanda cha maziwa cha familia ya mwandishi Ken Kesey kilichokuwa na hali mbaya ya fedha, na tiketi zilichapishwa kwenye lebo za mtindi wa kiwanda hicho. Jua lilikuwa kali hata nyuzi zikakataa kukaa kwenye sauti. Dark Star walioupiga humo una kama dakika 31. Unaanza kwa upole, unaingia kwa ubeti, kisha Lesh na Kreutzmann wanauchukua peke yao, piano inaingia pembeni, na Garcia anapandisha gitaa mpaka linakwaruza na kulia, sauti hazina tena jina. Halafu, bila kusimama, Weir anawaingiza kwenye El Paso, wimbo wa wachunga ng'ombe wa Marty Robbins. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Alisema hapo ndipo alipoamini kwamba watu hawa wana akili timamu.

Mwaka 1973 na 1974 wimbo ulizidi kuwa mgumu. Utangulizi ulikuwa ukila karibu wimbo mzima. Mitambo nayo ikawa mikubwa kupita kiasi: ukuta wa spika wa mwaka 1974 ulikuwa na uzito wa kama tani 75, na kuusafirisha kulikula mapato. Oktoba 1974 bendi ikapumzika. Iliporudi mwaka 1976 Hart alikuwa amerudi pia, midundo ikawa mizito na ya pamoja, nyimbo zikapangika, na Dark Star hawakuugusa. Kwa maoni yangu ungewashinda. Hata Septemba 1978, walipokuja Misri na kupiga usiku tatu chini ya piramidi za Giza pamoja na Hamza El Din, Mnubi mpiga udi na tari, wimbo huo haukuwamo. Desemba 31, 1978, mkesha wa mwaka mpya, ukumbi wa Winterland ulipokuwa ukifungwa, mashabiki walitundika bango la kuwakumbusha kwamba zimepita siku 1,535 tangu wimbo huo usikike San Francisco. Usiku ule waliupiga. Baada ya hapo ukasikika mara chache tu, na kati ya Julai 1984 na Oktoba 1989 haukusikika hata mara moja.

Uliporudi Oktoba 9, 1989, mjini Hampton, Virginia, bendi ilikuwa imetangazwa kwa jina lake la zamani, Warlocks, ili kuzuia mafuriko ya watu. Kwenye kaseti ya usiku huo zinapigwa sauti chache za mwanzo na umati unanguruma kiasi cha kuzifunika. Gitaa la Garcia sasa lilikuwa limeunganishwa na mitambo ya kidijitali, akitaka linalia kama filimbi, akitaka kama tarumbeta. Nauheshimu usiku ule, ila wimbo ulikuwa umeshageuka sherehe: watu walifurahia kwamba unapigwa kuliko walivyosikiliza unavyopigwa. Namwondoa hapo Branford Marsalis. Alipanda na saksafoni yake Machi 29, 1990, huko Nassau, New York, na kwa sababu hakuwa na mazoea yao, iliwabidi wasikilizane upya.

Mimi nilikwenda kuwaona Oakland zaidi ya mara moja. Hawakuupiga. Mara ya mwisho kuupiga ilikuwa Machi 30, 1994, Atlanta, na Agosti 9, 1995 Garcia akafariki, akiwa na miaka 53. Kabla ya hapo Lesh alikuwa amemwita Mkanada John Oswald, akampa njia ya kufikia makasha ya bendi. Oswald alichukua Dark Star zaidi ya mia moja, za mwaka 1968 hadi 1993, akazikata na kuzipandanisha kuwa kazi moja, Grayfolded. Kuna mahali humo Garcia kijana na Garcia mzee wanaimba pamoja.

Hayo yote yanajulikana kwa sababu kuna watu walibeba mashine za kurekodia. Bendi haikuwafukuza, kuanzia Oktoba 1984 iliwatengea hata sehemu yao ya kukaa. Sharti lililokubalika kati yao lilikuwa moja: kaseti inabadilishwa kwa kaseti, haiuzwi. Ndiyo maana leo mtu anaweza kufuatilia wimbo mmoja usiku baada ya usiku kwa miaka 26.

Mjomba amefariki. Gitaa lake linasikika kwenye nyimbo chache zilizorekodiwa redioni, kila moja imekatwa pale chemko linapoanza kukolea. Aliyoyafanya ukumbini saa nane za usiku hayapo popote. Ninajua kuna watu waliorekodi dansi kwa redio kaseti, wakaiweka juu ya meza karibu na jukwaa, kelele za chupa na vigelegele zikaingia humohumo. Kama kwenu kuna kaseti ya namna hiyo, tafadhali usiifute wala usiigawe kwa watoto wachezee. Tafuta mtu wa kuihamishia kwenye kompyuta mwaka huu, kabla utepe haujashikana.