Wasini kwa siku moja: Bahari ni tamu, lakini nani anamwangalia mtoto?

Saa mbili na nusu asubuhi gati la Shimoni huwa limeshachangamka. Mabaharia wanapakia maji ya kunywa na matunda, watoto wanachungulia samaki chini ya gati, na ng'ambo kisiwa cha Wasini kinaonekana karibu kama mtaa wa jirani. Shimoni iko Kwale, kilomita 75 hivi kusini mwa Mombasa, na likizo ikifika familia nyingi za Pwani huja hapa kwa safari ya siku moja: kuogelea, kula samaki, kuona pango, kisha nyumbani.

Ni siku nzuri kwa mtoto. Ila kuna jambo moja ambalo nauli ya chombo hailipii, nalo ni jicho la mzazi.

Jaketi kwanza, picha baadaye

Kabla chombo hakijang'oa nanga, kila mtoto avae jaketi la kuokoa maisha linalomtosha. Kipimo ni rahisi: mzazi alishike mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa na litamtoka majini. Maboya ya kupuliza hewa ni ya kuchezea tu, hayashiki nafasi ya jaketi. Chombo kisipokuwa na jaketi la kumtosha mtoto, familia itafute kingine.

Mkondo kati ya Shimoni na Wasini unasifika kwa pomboo. Wakitokea, kila mtu hukimbilia upande mmoja, na hapo nahodha hupaza sauti watu wakae. Mtoto anayelewa bahari akae katikati ya chombo, atazame mbali badala ya kutazama simu, na awe amekula chakula chepesi. Dawa za kuzuia kichefuchefu hutolewa kulingana na umri, kwa hiyo mfamasia aulizwe kabla ya siku ya safari.

Kisite, mahali pa kuogelea

Chombo husonga mbele hadi hifadhi ya bahari ya Kisite, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS). Ndani ya hifadhi hiyo hakuna ruhusa ya kuvua. Maji ni maangavu, na mtu akivaa miwani ya kuzamia huona samaki wa kila rangi juu ya matumbawe, na pengine kasa akipita zake.

Hapa ndipo hatari hujificha. Chomboni wapo baba, mama, shangazi, mjomba na mabaharia wawili. Kila mmoja anaamini mwenzake anamtazama mtoto. Mtoto wa macho kumi na mawili akawa hana hata jicho moja.

Tena anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo umo majini, hana pumzi ya kuita. Mikono haipungi, inasukuma maji chini. Kwa aliye chomboni huonekana kama anacheza. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watoto wa chini ya miaka 5 ni karibu robo ya watu wote wanaokufa maji duniani.

Dawa yake ni zamu. Mtu mzima mmoja atajwe kwa jina, aweke simu mfukoni, amtazame mtoto kwa dakika 15 au 20, kisha amkabidhi mwenzake kwa maneno: "Sasa ni wewe." Asiyejua kuogelea awe na mtu mzima ndani ya maji, umbali wa kufikiwa kwa mkono. Viatu vya majini navyo vinasaidia, kwani matumbawe hukata na kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi.

Likitokea la kutokea, mtoto asining'inizwe kichwa chini wala kubinywa tumbo. Kama hapumui, apewe pumzi mdomo kwa mdomo mara moja, abanwe kifua, na chombo kigeuzwe kuelekea Shimoni huku msaada ukiitwa. Hospitali ya rufaa iliyo karibu iko Msambweni, na hiyo ni safari ya gari baada ya safari ya chombo. Aliyeokolewa naye aonwe na daktari, hata akisema yuko sawa.

Chakula Wasini, kisha pango

Wasini hakuna magari. Watoto hutembea huru vichochoroni, wakivaa nguo za heshima maana ni kijiji cha Waislamu. Chakula ni wali wa nazi, samaki na kaa. Mtoto ambaye hajawahi kula kaa aonje kidogo kwanza, kwani wapo wanaovimba midomo au kutoka vipele. Baadaye kuna njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha wanawake wa kisiwani, ipitayo kati ya matumbawe ya kale na mikoko.

Wakirudi bara hushuka kwenye pango lililoipa Shimoni jina lake. Wazee husimulia kuwa watumwa walifungiwa humo wakingoja kuvushwa kwenda Unguja. Ndani kuna giza na popo. Watoto watauliza maswali, na yanastahili kujibiwa kwa ukweli, kwa maneno ya umri wao.

Lini kwenda?

Kaskazi, hasa Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Likizo ya Agosti huangukia msimu wa kusi, mawimbi yanapokuwa makubwa. Nahodha akisema leo bahari imechafuka, asibembelezwe wala kuongezewa pesa. Pango lipo na chakula kipo. Wasini haihami.