Maji Yaliishia kwenye Mparachichi

Mama yangu ana umri wa miaka 71, na nyumba yake ipo ubavuni mwa mlima, juu ya mji wa Lushoto, upande wa njia iendayo Magamba. Kijito kitokacho msituni hupita bondeni, chini ya shamba lake la kabeji. Tangu tungali wadogo, maji ya nyumba ile yamepanda mlima kichwani mwa mama. Mwaka juzi aliteleza na ndoo akavunjika mkono wa kushoto, na hata hivyo alikataa katakata kuhamia kwangu Dar es Salaam. "Mwanangu, huko kwenu maji ya bomba huja kwa zamu," alinijibu, nami sikuwa na la kusema.

Nikaamua kununua pampu. Ndugu msomaji, kazi yangu ni kuandika, na mwenye kuandika hudhani kwamba kusoma kibandiko kunatosha. Hoteli moja ilikuwa ikiuza pampu kuukuu ya bwawa lake la kuogelea, yenye nguvu ya farasi moja na nusu, iwezayo kutoa lita 15,000 kwa saa. Nilijiambia: iliyozungusha bwawa zima itashindwaje na ndoo za bibi kizee mmoja? Nikakopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikaipakia basini, na kwa kupitia Mombo na kona za Soni nikaifikisha kwa mama kwa fahari ya mtu apelekaye mahari.

Kwa hofu ya wezi niliifunga mlangoni pa jiko, juu kabisa, bomba likateremka hadi kijitoni. Ilinguruma bila kutoa tone, ikawa ya moto. Kesho yake tuliishusha hadi ukingoni. Safari hiyo maji yalipanda kwa kishindo, nasi tukayafuata kwa viganja juu ya bomba, kwa ule ubaridi wake, mpaka kwenye mparachichi ulio katikati ya mteremko. Hapo yakasimama. Majirani walikuwapo wakitazama. Mama hakusema neno. Alichukua ndoo kwa mkono wa kulia akashuka bondeni.

Fundi tuliyemwita kutoka mjini hakuitazama pampu kwanza. Aliuliza mambo matatu: kijito kinatoa maji kiasi gani, nyumba ipo juu kiasi gani, na kwa siku mnatumia kiasi gani. Sikujua hata moja. Basi akatoa mpira mwembamba wa maji, ule wautumiao waashi kusawazishia msingi, na fito ya mita 2, tukapanda mlima hatua kwa hatua huku nikihesabu. Fito ilisimama mara 14, yaani mita 28. Ndoo ya lita 20 ilijaa kijitoni kwa sekunde 40, na wakati huo ulikuwa kiangazi; hizo ni lita 1,800 kwa saa. Mama, wajukuu watatu, ng'ombe wawili na kitalu cha miche, wote pamoja, hawakuzidi lita 2,000 kwa siku.

Ndipo akanieleza kosa langu. Bwawa la kuogelea la lita 100,000 hutaka maji yake yapite katika chujio la mchanga mara moja kwa saa nane hivi, yaani lita 12,500 kwa saa; lakini maji hayo hayapandi popote, hutoka bwawani yakarudi bwawani. Pampu ya kazi hiyo husukuma maji mengi kwa kimo kidogo. "Ndugu, umemchukua mchukuzi wa bandarini ukamtaka apande mnazi," alisema. Na kule jikoni je? Pampu haivuti, akasema; huondoa hewa bombani, na hewa ya nje ndiyo iyasukumayo maji yapande. Pwani hewa yaweza kuyainua mita 10 kwa hesabu. Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, haifiki 9, na katika kazi yenyewe mtu asitumainie zaidi ya 6.

Tulichonunua baadaye ni pampu ya nusu farasi, nyembamba, yenye magurudumu kadhaa ndani, kila moja likilipokeza jingine maji kwa nguvu zaidi. Hutoa lita 1,000 kwa saa kwa kimo cha mita 35: zile 28, mita 3 za jukwaa la tangi, na zilizobaki ni za msuguano wa bomba. Nilitaka kubana matumizi kwa bomba la nusu inchi, fundi akakataa. Kwa urefu wa mita 90, msuguano wake ungekuwa sawa na kuongeza kilima kingine cha mita 15 au zaidi. Tukaweka la inchi moja. Umeme wake ni takriban yuniti moja kwa siku. Ile kubwa ipo stoo, kuku hulala juu yake, na deni lake bado nalilipa.

Siku tangi lilipojaa mara ya kwanza, mama aliligonga kwa kidole toka chini hadi juu, akasikiliza. Kisha akaniuliza kama wale wa bondeni wamepata maji. Nikamwambia pampu huacha karibu nusu ya kijito. Hakuridhika. Ameamuru isiwashwe kabla ya saa tatu asubuhi, watu wamalize kwanza kuchota, na kila siku hushuka mwenyewe, mikono mitupu, kuhakikisha.