Uwanja wa Bwawani

Krismasi yangu ya kwanza Marekani niliila shambani, magharibi mwa Minnesota, kwa babu wa kijana niliyekaa naye chumba kimoja bwenini. Ilikuwa 2003. Kesho yake asubuhi yule mzee alinikabidhi koleo, akasema twende bwawani. Nikadhani tunakwenda kuchimba. Kumbe tunakwenda kufagia uwanja wa hoki.

Bwawa halikuzidi viwanja viwili vya mpira. Matete makavu yalilizunguka, na theluji ilikuwa imelifunika lote. Kabla mtu hajakanyaga, babu alitoboa barafu kwa kekee, akatumbukiza rula. Inchi 4 ndiyo ruhusa ya kutembea juu yake, alisema. Ikipungua hapo, tunarudi kunywa kahawa. Siku ile zilikuwa 7. Vijana wakavua viatu vyao vizito, wakavipanga viwili huku na viwili kule vikawa magoli.

Nikakumbuka kwetu Ifakara, Tanzania. Bonde la Kilombero likishakauka, sisi magoli tulipanga kwa ndala, tukacheza palepale ambapo miezi michache nyuma watu walikuwa wakivuka kwa mitumbwi. Hakuna aliyetuambia bonde lile lina faida gani. Lilikuwa uwanja wetu, basi.

Hoki yenyewe niliicheza nimekaa chini zaidi kuliko kusimama. Nilipoona kile kisahani cheusi cha mpira kinateleza kuelekea kwenye matete, nikakifuata. Babu alipiga kelele, lakini sikumwelewa mpaka mguu wa kulia ulipozama hadi gotini. Walinivuta kwa fimbo ya hoki.

Soksi zangu zikikauka jikoni, babu alinipa somo. Theluji hukwama kwenye matete, ikaifunika barafu kama blanketi. Baridi haipenyi vizuri, na barafu hubaki nyembamba. Na kile nilichodhani ni kichuguu kilikuwa nyumba ya mnyama wa majini, mfano wa panya mkubwa, ambaye kupitapita kwake hakuiachi barafu ikomae.

Ndipo akanipa historia ya bwawa. Barafu ya kale ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha mashimo chungu nzima kuanzia Alberta, Kanada, hadi Iowa. Bata wengi wa Amerika Kaskazini huzalia humo. Lakini mkulima akiliangalia shimo la maji huona mahindi ambayo hayakuota. Minnesota imepoteza karibu nusu ya ardhioevu yake, nyingi kwa mitaro na mabomba yaliyofukiwa ili kukausha mashamba. Majirani walikausha. Baba yake naye alikuwa ameshapiga hesabu ya mabomba, wanawe wakagoma: watacheza wapi hoki? Kazi ikaahirishwa mwaka mmoja, kisha mwingine, mwishowe ikasahaulika.

Aliporithi shamba, yeye alikwenda mbele zaidi. Alisaini mkataba na idara ya serikali kuu inayosimamia wanyamapori: akalipwa mara moja, akakubali kwamba bwawa halitakaushwa, halitafukiwa, wala matete yake hayatachomwa, milele. Shamba likabaki lake. Sehemu ya fedha za mikataba hiyo hutoka kwenye stempu ambayo wawindaji wa bata hulazimika kuinunua, utaratibu ulioanza 1934. Nilimuuliza kama alisaini kwa ajili ya bata. Akacheka. Bata, alisema, alikuja kuwapenda baadaye.

Nilirudi Juni, baada ya mvua kubwa. Kwenye mtaro wa jirani maji yalikimbia, yamebeba udongo wa shamba. Bwawa la babu lilikuwa limejaa, limetulia, na mahali lilipokuwa goli letu bata alipita na vifaranga wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho yale niliyokuwa nimeyasoma chuoni: kwamba bonde letu la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Nilikuwa nimevuka bahari ndipo nikaambiwa thamani ya uwanja wangu.

Nilipokwenda nyumbani 2009, pale tulipopanga ndala palikuwa pamelimwa mpunga. Simlaumu aliyelima, watu lazima wale. Ila watoto nilikuta wanacheza barabarani, na sikusikia hata mmoja akililia bonde. Hawakuwahi kucheza humo.

Yule babu wa Minnesota alifariki miaka michache baadaye. Siku hizi baridi za huko zimelegea. Ile ya 2023/24 ilikuwa na joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa huko, na dhidi ya hilo mkataba wa babu hauna nguvu. Shamba lilishauzwa kwa mtu asiyecheza hoki wala kuwinda. Lakini mkataba unaifuata ardhi, haumfuati mtu. Aliyenunua shamba alilinunua pamoja na bwawa lake.