Sisi wa Jikoni Tutaombewa Lini?



Shule zinafungwa. Stejini matatu zimebeba magodoro na masanduku ya bati, na kila nyumba ina mtoto anayeuliza chakula kila baada ya saa moja. Tunamshukuru Mungu kwa sababu tulianza mwaka Januari na tumefika. Watahiniwa wetu wa gredi ya 6, gredi ya 9 na kidato cha nne bado wana mitihani, na tunaendelea kuwabeba kwa maombi. Usilale bila kumtaja hata mmoja wao.

Leo nilitaka kuwaandikia neno la pongezi kwa wanafunzi na walimu. Nitaliandika. Lakini kwanza niruhusu nitubu mbele yako.

Jumanne nilialikwa kufungua na kufunga kwa maombi sherehe ya mwisho wa mwaka katika shule moja ya msingi iliyo na sekondari msingi. Hema lilisimamishwa, wazazi wakaketi kwenye viti, watoto wakaketi kwenye nyasi. Mezani kulikuwa na zawadi: madaftari, kamusi, mabeseni, thamosi, sahani. Majina yalisomwa, watoto wakakimbia mbele, akina mama wakapiga vigelegele. Mzazi mmoja alicheza kutoka kitini mpaka mezani, na mimi nikacheza naye kidogo. Ilikuwa siku njema.

Kisha nikaitwa kuomba. Mpendwa, niliomba. Nikaombea wanafunzi, walimu, mwalimu mkuu na naibu wake, bodi ya shule, wazazi, kaunti yetu, Wizara ya Elimu, na taifa la Kenya kwa jumla. Watu wakasema Amina ya nguvu. Nikaketi nikijiambia kwamba leo nimeomba.

Baadaye tukapelekwa kula katika darasa lililopangwa meza. Mama mmoja wa makamo, mwenye aproni na kitambaa kichwani, akaja na birika na beseni kunawisha wageni. Aliponifikia, akanimiminia maji huku akitabasamu, akasema, "Pastor, umeomba vizuri sana. Sasa sisi wa jikoni tutaombewa lini?"

Alicheka. Wenzake waliokuwa mlangoni wakacheka. Mimi pia nikacheka. Lakini chapati ilikataa kushuka.

Acha nikwambie kwa nini. Mimi ni mtoto wa mpishi wa shule.

Wengi wenu mnamjua mama yangu kwa sababu akija kutoka kijijini huketi kiti cha mbele na kuimba kwa sauti kuliko kwaya. Hamjui kwamba kwa miaka mingi alipika githeri katika shule niliyosoma, upande wa Kitale. Alitoka nyumbani alfajiri kukiwa bado giza, kwa sababu mahindi na maharagwe hayajui kwamba kengele ya chakula cha mchana imekaribia. Yanaiva yakitaka. Alipasua kuni, akateka maji, akapuliza moto, na mvua ikinyesha kuni zikawa mbichi, moshi ulimwingia machoni mpaka jioni. Ada yangu ilitoka kwenye moshi ule. Sare yangu pia, na viatu.

Nami nilimwonea aibu. Watoto wenzangu waliniita jina la kunicheka, jina la sufuria, na badala ya kuwakasirikia wao nilimkasirikia mama. Siku moja ya kufunga shule nilikuwa nambari tatu. Jina langu likasomwa mbele ya wazazi wote. Nikiwa natembea kwenda kupokea zawadi, nilimwona mama ametoka mpaka mlango wa jikoni, mwiko mkononi, masizi kwenye aproni, anapiga makofi. Alikuwa peke yake pale. Nilimwona vizuri. Nikageuza uso nikatazama upande mwingine, ili wenzangu wasinione nikimtazama.

Sasa mimi, mtoto wa mama yule, Jumanne nilisimama na kipaza sauti mkononi, nikaombea mpaka wizara iliyo Nairobi, na sikuona moshi uliokuwa ukipanda nyuma ya hema. Niligeuza uso mara ya pili.

Usiku ule sikulala mapema. Nilifungua Nehemia sura ya 3. Ni sura ambayo wengi wetu tukisoma Biblia ya mwaka mzima tunaipitia mbio, kwa sababu ni majina juu ya majina. Fulani alijenga hapa, baada yake fulani akajenga pale. Lakini isome leo kama mtu anayesoma orodha ya zawadi za shule.

Humo utamkuta kuhani mkuu, naam, lakini yeye ni mmoja tu kati ya wengi. Kuna mafundi wa dhahabu, na mtengeneza manukato ambaye mikono yake haikuzoea mawe. Kuna Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Kuna Meremothi, ambaye jina lake limeandikwa mara mbili kwa sababu alimaliza sehemu yake akachukua nyingine. Kuna watu wa Tekoa waliofanya kazi ingawa wakuu wao walikataa kuinama. Kuna Baruku, ambaye Biblia inakumbuka hata kwamba alifanya kwa bidii. Na kuna Malkiya mwana wa Rekabu, aliyetengeneza lango la jaa. Hilo ndilo lango la kutolea takataka za mji. Hakuna mtu angependa kupigwa picha pale. Jina lake liko kwenye Neno la Mungu mpaka leo.

Kazi ile ilimalizika kwa siku 52. Na katika orodha hiyo yote, Nehemia mwana wa Hakalia, aliyeongoza kazi, hajajitaja. Aliandika wengine.

Hapo Roho Mtakatifu alinigusa. Kiongozi anayemjua Mungu anajua nani alijenga wapi. Mimi sikujua jina la mama aliyeninawisha mikono.

Basi, mpendwa, twende pamoja tuuzunguke ukuta wa shule ya mtoto wako, kama Nehemia alivyouzunguka usiku. Twende polepole.

Getini kuna soja. Ndiye wa kwanza kumwona mtoto wako asubuhi na wa mwisho kumwona jioni. Siku ile ulichelewa kumchukua, mvua ikanyesha, mtoto alikaa katika kibanda chake. Unamjua jina?

Ofisini kuna karani anayekupokea ukija na hasira za ada, anakuandikia risiti, na hakurudishii maneno uliyomwambia.

Kuna anayeosha vyoo. Watoto mia kadhaa, vyoo vichache, na maji mengine ni ya kuchota. Lango la jaa ni lake.

Darasani kuna mwalimu mwenye watoto wengi kuliko viti. Anafundisha, anasahihisha, anajaza ripoti za kila mtoto usiku, na wa kwake mwenyewe wamelala bila kumwona. Na kati ya walimu hao kuna wale walioajiriwa na bodi ya shule, ambao hawamo kwenye orodha ya mishahara ya TSC. Wanalipwa kidogo kinachochangwa na wazazi, na kikichelewa wanangoja. Kwa wengi wao, shule ikifungwa mshahara nao unafungwa mpaka Januari. Tunapowaambia "Krismasi njema, Mwalimu," tujue tunamwambia nani.

Jikoni kuna mama yangu.

Na pale kwenye nyasi kuna watoto ambao majina yao hayakusomwa. Mzazi, hapa nisikilize vizuri.

Sisi tulilelewa na swali moja: "Umekuwa nambari ngapi?" KCPE ilianza 1985 ikafanywa mara ya mwisho 2023, lakini swali hilo bado linafanya mtihani kila Novemba sebuleni kwetu. Shangazi akija anauliza. Jirani anauliza. Siku hizi ripoti za gredi za chini hazina nambari, zinasema mtoto amezidisha matarajio, amefikisha, anakaribia, au yuko mbali na matarajio. Na bado mzazi anapiga simu kumwuliza mwalimu, "Lakini ni nambari ngapi?"

Jumanne nilimwona mvulana mmoja amekunja ripoti yake ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikaingia kwenye soksi. Sikuuliza imeandikwa nini. Nilijua. Nilimwona akiangalia geti kama mtu anayehesabu hatua za kufika nyumbani.

Ikiwa mtoto wako amerudi na karatasi inayosema yuko mbali na matarajio, kumbuka habari ya mwana mpotevu katika Luka 15. Yule kijana alikuwa bado hajafika nyumbani baba alipomwona na kumkimbilia. Baba alitembea, tena alikimbia, sehemu ile iliyobaki. Mtoto aliye mbali anahitaji mzazi wa kumwendea. Sisemi umsifu kwa uvivu. Kama alicheza, mwambie alicheza, na mpange Januari mtafanya nini. Lakini usimwache peke yake huko mbali, na usimfananishe na mtoto wa jirani mbele ya jirani. Na tafadhali, ripoti ya mtoto usiiweke kwenye WhatsApp yako. Iliyo nzuri inamuumiza wa mwenzako, na iliyo mbaya inamuumiza wako.

Nataka wiki hii ubadilishe swali. Mketishe mtoto, mpe chai, umwulize mawili: "Mwaka huu umejifunza nini?" na "Nani alikusaidia?"

Mimi nimewauliza wangu. Binti yangu wa gredi ya 4 alifikiria, kisha akasema, "Mpishi." Nikauliza kwa nini. Akasema siku aliyomwaga chakula chake, mpishi alimpa kingine na hakumgombeza. Mimi nilikuwa nangoja aseme mwalimu wa hesabu. Watoto wanajua nani alijenga wapi.

Sasa tufanye nini? Imani bila matendo tunaijua mwisho wake.

Kwanza, akishakwambia jina, fanya kitu. Mpigie huyo mtu simu. Kilo mbili za sukari, unga, leso, shilingi mia mbili kwenye M-Pesa na ujumbe unaosema "asante kwa kumtunza mtoto wangu." Kama huna chochote, nenda usimame mbele yake useme asante kwa mdomo, ukimtaja kwa jina. Wakoma kumi waliponywa, akarudi mmoja. Wewe uwe huyo mmoja.

Pili, Jumapili hii tuna ibada ya shukrani kwa ajili ya shule. Njoo na mtoto wako, aliyefanya vizuri na aliyefanya vibaya. Watoto wote watakuja mbele, na hatutasoma alama za mtu. Njoo pia na kikaratasi chenye jina la mfanyakazi mmoja wa shule na kazi anayofanya. Tutayasoma majina hayo madhabahuni, moja baada ya jingine, hata kama ibada itachelewa. Wapishi, masoja, makarani, wasafishaji na walimu walio katika kanisa letu, msikae nyuma. Viti vya mbele ni vyenu. Mama yule wa jikoni nimerudi kumwalika, na sasa namjua jina.

Tatu, tutachukua sadaka maalum kwa ajili ya walimu wa bodi na wafanyakazi wa shule hiyo, ili Desemba isiwapate mikono mitupu. Wazee watatoa hesabu yake Jumapili inayofuata.

Namalizia kwa hili. Jumatano asubuhi nilimpigia mama simu. Nikamwambia, "Mama, siku ile ya kufunga shule, nilipokuwa nambari tatu, ulitoka mpaka mlangoni. Nilikuona. Nisamehe."

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nilijua umeniona, baba. Ulitazama kando. Wenzako walikuwa hapo." Akanyamaza tena. "Lakini nilipiga makofi mpaka ukaketi. Watoto wamefunga shule? Umekula?"

Miaka yote hii alijua, na hakuwahi kunidai.

Mpendwa, kama kuna mlango ambao mtu alisimama akakupigia makofi na wewe ukatazama kando, bado hujachelewa. Piga simu leo.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa mwaka huu wa masomo. Asante kwa kila mtoto, aliyeitwa mbele na aliyebaki kwenye nyasi. Wakumbuke walio katika chumba cha mtihani, uwape utulivu na kumbukumbu. Bariki walimu wetu, na yule ambaye Desemba hana mshahara umfungulie mlango. Bariki soja aliyelinda, karani aliyevumilia, aliyeosha, aliyefagia. Bariki wa jikoni, Bwana. Ponya macho yaliyoumizwa na moshi. Na sisi tuliogeuza uso, tusamehe, utugeuze tena. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba. Amina.

Ukiwa umesema Amina, usiandike Amina peke yake hapa chini. Andika kazi ya mtu mmoja wa shule aliyekusaidia ulipokuwa mdogo, na alichokufanyia. Nitasoma zote.

Tuonane Jumapili. Mungu awabariki.

Mchungaji wenu, mtoto wa mpishi.